Zulia Linaloficha Kutu

Masika yanapoingia, udongo mwekundu wa Marangu, Kibosho na Machame hupanda magari pamoja na abiria. Noah iliyoundwa Japani kwa barabara za lami huteremka Moshi imejaa watu, mikungu ya ndizi na madumu ya maziwa. Maji na maziwa yamwagikayo hunywewa na zulia, nalo halikauki. Chini yake bati laliwa na kutu pasipo mtu kuona. Na viti na mikanda vimefungwa katika bati hilo hilo.

Twawaambia wenye magari: ondoeni zulia. Kutu ikwanguliwe hadi chuma king'ae, bati lipakwe rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi nzito ya mpira. Apakaye juu ya kutu ajidanganya mwenyewe.

Watasema gharama ni kubwa, na gari litazidi kelele na joto. Ni kweli. Lakini mara nyingi tajiri hasafiri katika gari lake. Wasafirio ni dereva, utingo na akina mama waendao sokoni. Usipoziba ufa utajenga ukuta; bali uhai wa mtu ukibomoka haujengeki tena.