Jinzi si Nguo ya Mlimani

Vijana wa Pwani sasa wapanda mlima. Zamani ukiwataja Waswahili na Mlima Kenya kwa pamoja watu walicheka, ingawa hapakuwa na sababu ya kucheka, kwani Mwingereza Mackinder alipofika kilele cha Batian mwaka 1899 msafara wake ulikuwa na wapagazi Waswahili. Leo shule, vyuo na vikundi vya mitaani hukodi basi, hulala Nanyuki au Naro Moru, kisha hupanda mpaka Lenana, mita 4,985 juu ya bahari. Jambo hili ni jema nami naliunga mkono. Nisilolipenda ni suruali wanazopandia.

Wengi huvaa jinzi. Utamwona kijana amejitayarisha barabara: koti la mvua, kofia ya sufu, glavu, buti nzito, chini, jinzi ile ile aendayo nayo sokoni. Ukimuuliza atakwambia kuwa miguu haisikii baridi. Hayo ni maneno ya mtu aliyezoea mvua za Mombasa. Kwetu mvua ya Mei, hata ikinyesha kutwa kucha, ni mvua ya vuguvugu. Mtu hurowa, akafika nyumbani akabadili nguo, akanywa chai ya tangawizi, yakesha. Kurowa kwetu ni adha tu.

Mlimani ni mambo mengine. Kila upandapo mita 1,000 joto hupungua kiasi cha nyuzi 6, hivi kwamba siku ambayo Mombasa ni nyuzi 30, pale kwenye mita 4,200 ambapo wengi hulala kabla ya kukikabili kilele, mchana huwa ni nyuzi chache tu juu ya sifuri, na usiku maji huganda. Sasa tia na umaji. Maji huuondoa joto mwili upesi mno kuliko hewa kavu, na pamba, ambayo ndiyo jinzi, huyanywa maji, ikawa nzito, ikagandama na paja, na haikauki mpaka urudi chini. Mtu huanza kwa kutetemeka. Kisha ulimi huwa mzito, vidole havifungi hata kifungo, akili humchanganyikia akawa asema asiyoyajua. Asipovuliwa zile nguo mbichi upesi na kupashwa joto, aweza kufa, na si lazima pawe na theluji. Baridi ya nyuzi 5 ikichanganyika na mvua na upepo yatosha.

Na sisi twawapeleka watoto wakati gani? Likizo za shule. Ya Agosti haina neno sana, lakini ya Aprili huangukia katikati ya masika, na ya Novemba katikati ya vuli. Miezi mikavu ya mlima, Januari na Februari, watoto wako darasani. Basi mwalimu apangaye safari ya Aprili ajue tangu mwanzo kwamba amepanga safari ya mvua.

Hata mvua isiponyesha, majani yatakurowesha. Katika njia ya Naro Moru, ukishapita kituo cha Met Station kwenye mita 3,050, hukutana na kinamasi cha kupanda ambacho wapandaji hukiita Vertical Bog, yaani kinamasi kilichosimama. Hapo hukanyaga matope na vichaka vya nyasi vilivyojaa umande na mvua ya jana, na vyote hukupangusia maji magotini. Mvua ikinyesha ndipo koti nalo likuzidishie taabu. Koti bila suruali ya mvua ni mlizamu: hukusanya maji ya mabegani na kuyamwaga yote mapajani.

Suruali ninayoisema ni ile ya kuvalia juu ya nyingine, nyepesi, ikunjikayo ikaenea mkononi, isiyopenya maji. Ndani yake huvaliwa suruali ya nailoni ikaukayo upesi, na kukiwa na baridi kali, nguo ya kubana ya sufu. Wako wanunuao suruali moja nene ya kuvaliwa siku nzima, wala siwalaumu, lakini mlima wetu ni wa jua saa tatu na mvua saa tisa. Iliyo nyepesi hutolewa mkobani ikivaliwa, ikavuliwa mawingu yakipita.

Dukani mtu hukimbilia nambari. Kibandiko huandikwa milimita 5,000, au 10,000, au 20,000. Maana yake ni kimo cha maji ambacho kitambaa huweza kukistahimili kikisimamishwa juu yake kabla hayajapenya. Kwa safari zetu 10,000 ni ya kutosha. Iliyo chini sana ya hapo huvuja pale upigapo goti au ukaapo juu ya jiwe bichi, kwa kuwa uzito wa mwili huyasukuma maji. Walakini nambari hiyo ni ya kitambaa, si ya suruali. Suruali huvuja mishononi, maana kila tundu la sindano ni mlango. Igeuze ndani nje. Ukiona mishono yote imebandikwa utepe, hiyo ni suruali ya mvua. Usipouona, ni suruali ya kawaida yenye jina kubwa, hata kama muuzaji aapa.

Kisha kuna habari ya jasho. Tangu Macintosh wa Uskochi atie mpira kati ya vitambaa viwili mwaka 1823, watu walikuwa na nguo isiyopenya maji ila aliyeivaa hurowa kwa jasho lake. Mwaka 1969 Robert Gore wa Marekani aligundua namna ya kuuvuta utando wa plastiki ukapata vitundu vidogo mno, ambavyo tone la maji halipiti lakini mvuke wa jasho hupita. Ni ufundi mkubwa, nao huuzwa kwa bei kubwa. Rai yangu ni kwamba mtu wa mfuko mdogo asiumize roho. Katika mvua ya mfululizo kitambaa cha juu hulewa maji, na hapo mvuke hupata taabu kutoka hata katika suruali ya bei ya juu. Zipu ndefu za ubavuni zina faida zaidi. Huzifungua ukapata hewa upandapo, na huweza kuivaa suruali bila kuvua buti, jambo ambalo mtu hajui thamani yake mpaka asimame kwa mguu mmoja topeni huku mvua yamchapa.

Juu ya kipimo, sisi tuna njia yetu. Vaa suruali hiyo juu ya nyingine, kisha fanya kama uendaye rukuu, kisha sujudu. Ikikubana magotini au kuvuta kiunoni, ni ndogo, itakunyima hatua kwenye mawe. Pindo lifike juu ya buti hata goti likiwa limekunjwa, ili maji yasiingie viatuni. Dada zetu nao wasidhani mlima wawataka waache stara. Suruali ya mvua hutakiwa iwe pana, na koti refu la mvua lifikalo magotini huvaliwa juu yake likasitiri vyema. Buibui lenye pindo la kuburura ndilo la kuachwa hotelini, kwa kuwa pindo hilo hunywa maji kama utambi.

Asiye na uwezo wa kununua mpya aweza kukodi Nanyuki, au kutafuta katika mitumba ya Kongowea, ambako nguo za baridi hazigombewi sana kwa kuwa hapa hazina kazi. Lakini atazame. Apitishe kidole juu ya utepe wa mishono, ukibanduka, aiache. Autazame utando wa ndani. Ukiwa wambuka kama ngozi iliyoungua jua au wanata, aiache. Kisha aombe maji kidogo ayamwage juu. Yakifanya matone na kuteleza kama juu ya jani la mgomba, vyema. Yakienea tu bila kupenya, dawa ya juu imekwisha, lakini hiyo huuzwa na hurudishwa.

Na tusimsahau mpagazi. Nimeona kikundi kilichokodi suruali za mvua kwa kila mwanafunzi huku mtu aliyewabebea mchele na mitungi ya gesi amejifunga nailoni ya taka miguuni. Yeye hupanda njia ile ile, mvua ile ile, na mzigo juu. Fedha za suruali yake zitiwe katika hesabu ya safari tangu siku ya kwanza.

Ukisharudi Pwani, usiikunje suruali ikiwa mbichi ukaifungia sandukuni. Joto letu na unyevu wa bahari huuoza utando wa ndani hata nguo isipovaliwa, na baada ya miaka michache utaikuta yanata na kubambuka. Ifue kwa sabuni kidogo, isuuze sana, isitiwe dawa ya kung'arisha wala kukamuliwa kwa nguvu, kisha itundike kivulini penye upepo.