Kumtuma Mtoto Bia, Kisha Kumhubiria

Miongoni mwa mambo ambayo jamii za Afrika Mashariki zimeyazoea mpaka haziyaoni tena, hakuna linaloharibu malezi kimyakimya kama hili la mzazi kumkabidhi mtoto fedha na chupa tupu, akamtuma grosari, yaani baa ndogo ya mtaani yenye friji moja na viti vya plastiki, amletee bia, kisha usiku uleule akamkalisha chini na kumhubiria kwamba pombe ni shetani. Mtoto huyo wa miaka tisa hufika mbele ya kaunta inayomzidi kimo, akainyanyua chupa kwa mikono miwili, akaitaja bia ya baba kwa jina lake, akasema kama inatakiwa ya baridi au ya moto, akahesabu chenji, na akarudi kwa mwendo wa hadhari asije akaivunja. Nyumbani hutuzwa kwa kuonjeshwa povu, na watu wazima hucheka kuona anavyokunja uso. Mwana akibebwa hutazama kisogo cha nina, na mtoto huyu amekitazama kisogo kinachoelekea grosari tangu alipojua kuhesabu sarafu.

Hapana haja ya kuthibitisha hapa kwamba ulevi ni balaa. Mwislamu anajua kwamba kileo kimeharamishwa, Mkristo anajua kwamba ulevi umehesabiwa pamoja na dhambi, na hata asiyekwenda msikitini wala kanisani amewahi kumwona jirani akiuza mabati ya nyumba aliyokuwa akiijenga. Kinachohitaji kusemwa ni kwamba karipio lisilo na maelezo halimfundishi kijana kitu, na kwamba wazee wanaolalamika kila siku juu ya “vijana wa siku hizi” wamesahau kuwa nyani haoni kundule. Tena hawana udhuru, kwa sababu mzazi wa huku si mvivu wa kufundisha: ndiye aliyemweleza mwanawe namna mbu anavyoleta malaria, ndiye anayeuza mbuzi ili ada ilipwe, na ndiye anayeamka alfajiri kumwandalia uji wa shule. Mtu wa namna hiyo hashindwi kueleza kileo ni kitu gani, anaona haya tu, maana anahofia kuulizwa swali moja fupi, “Na wewe je, baba?”

Basi na aanze na hesabu, kwani hesabu haina haya. Kitu kinacholevya katika kila pombe, iwe bia, gongo, waragi au tembo la mnazi, ni kimoja, nacho huitwa ethanoli. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ya ethanoli huwa na takriban gramu 20 za kileo chenyewe, ilhali kichupa cha pombe kali cha mililita 100 chenye asilimia 40, ambacho mwanafunzi anaweza kukificha katika soksi, huwa na gramu 32 hivi. Kichupa kinachotoshea kiganjani, kwa maneno mengine, kinaizidi chupa nzima ya bia kwa zaidi ya nusu yake. Ini la mtu mzima huweza kusafisha takriban gramu 10 kwa saa, na halina mkono wa kusukumwa: wala kahawa, wala maji ya baridi, wala ile supu ya asubuhi inayosifiwa kuondoa mning'inio haiwezi kuliharakisha. Kijana aliyekunywa vichupa vitatu saa tatu usiku hupanda bodaboda alfajiri akijiona mzima, na kumbe bado kileo kimo katika damu yake.

Wakati wa kazi hiyo ini huigeuza ethanoli kuwa asetaldehidi, ambayo ni sumu inayoharibu chembe za mwili, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliviingiza vinywaji vya pombe, mwaka 1988, katika kundi la visababishi vya saratani vilivyothibitishwa. Ubongo nao huendelea kujengwa mpaka umri wa miaka 25 hivi, na sehemu ya mbele, ile inayompa mtu uwezo wa kupima jambo kabla ya kulitenda, ndiyo ya mwisho kukamilika, kwa hiyo kijana anayelewa huidhoofisha breki ambayo fundi hajamaliza kuifunga.

Liko pia somo ambalo halifundishwi kabisa, na kutofundishwa kwake kunaua. Kijana anapozidiwa, wenzake humlaza chali, wakamfunika, wakasema aachwe apumzike. Aliyelewa sana hupoteza uwezo wa kukohoa, na akitapika akiwa chali matapishi humziba njia ya hewa. Anapaswa kulazwa ubavu, asiachwe peke yake, na akipumua kwa kukatakata au asipoamka akitikiswa, apelekwe hospitali usiku huohuo. Wengi huogopa kumpeleka kwa sababu wazazi watajua. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa anayeficha ni rafiki mwema ambaye hakuna aliyemweleza.

Serikali hazikulala. Tanzania ilipiga marufuku viroba, yaani pombe kali ya vifuko vya plastiki, kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na Kenya ilitunga mwaka 2010 sheria ambayo wananchi waliiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipigania, inayokataza kumuuzia pombe mtu aliye chini ya miaka 18. Kabla ya hapo Wakenya walikuwa wamekwisha kuzika: mwezi Novemba 2000, jijini Nairobi, pombe haramu iliyoitwa kumikumi, kwa kuwa bei yake ilikuwa shilingi 10, iliwaua watu zaidi ya 100 na kuwapofusha wengine. Iliyoua ni methanoli, spiriti ya viwandani isiyotofautishwa na ethanoli kwa ulimi, ambayo mwilini hugeuka asidi inayoharibu mshipa wa macho, na dalili zake huweza kuchelewa hata saa 12 au zaidi. Sheria inaweza kumkamata muuzaji. Ni askari gani atakayemkamata baba aliyemtuma mtoto kwa muuzaji huyo?

Na hapa kalamu haiwezi kuzipita kamati za harusi, ingawa kesi yao ni nyingine. Watu wenye akili zao hukaa vikao vya miezi mitatu, tena ndani ya baa, wakipanga kadi za “singo” na “dabo”, yaani za mtu mmoja na za watu wawili, na katika bajeti fungu la vinywaji ndilo lisiloguswa na mkasi. Harusi isiyo na bia huitwa kavu, na wenyeji wake husemwa mwaka mzima. Mtu yuleyule aliyetoa mchango wa dabo bila kunung'unika, akiombwa na shule mchango wa chakula cha mchana cha wanafunzi, hugeuka mwanasheria na kudai risiti. Usiku wa sherehe mshereheshaji huhesabu moja mpaka tatu, shampeni ikafyatuliwa, ukumbi ukashangilia, na walio mbele kabisa, macho yamewatoka, ni wale watoto waliovishwa suti na magauni meupe kubeba maua. Ikiwa hilo si darasa la pombe, basi neno darasa limepoteza maana.

Walimu wa sayansi, masheikh na mapadri wanasifiwa kwa haki kwa kazi wanayoifanya, lakini mwalimu ana dakika 40 na mzazi ana miaka 18. Mzazi anayetaka kuanza hahitaji kitabu. Na aitwae chupa yake leo, amwonyeshe mwanawe ile asilimia iliyochapwa kwa herufi ndogo kwenye lebo, wapige hesabu ya gramu pamoja kwenye daftari, ajibu lile swali la “na wewe je” bila kufoka, na chupa tupu aende kuirudisha mwenyewe.