Usinisimulie Ulikotoka

Kila mwanasiasa ana hadithi yake ya utoto wa shida, na sisi huimeza bila kutafuna. Hebu basi tumtazame John Robert Clynes wa Oldham, Uingereza. Babake alikuwa kibarua wa Ireland aliyefurushwa shambani. Yeye mwenyewe aliingia kiwanda cha pamba akiwa na miaka 10 tu, kazi yake kuunga nyuzi zilizokatika. Kamusi alijinunulia kwa vijisenti vyake. Mwaka 1906 akaingia Bungeni, na 1922 akakiongoza chama cha Labour kupata viti 142. Jamaa alipanda, hakuna ubishi.

Halafu 1929 akawa Waziri wa Mambo ya Ndani. Trotsky, aliyefukuzwa na Stalin na kutupwa Uturuki, akaomba kuingia Uingereza. Clynes akamkatalia.

Utaniambia Trotsky naye hakuwa malaika. Sawa, damu ilimwagika kwa amri zake. Lakini anayekimbia kuuawa haulizwi kwanza cheti cha tabia njema. Na kama kuna mtu aliyepaswa kulijua hilo, ni mtoto wa mtu aliyefurushwa.

Ndiyo maana hizi hadithi hazinibabaishi tena. Aliyekalia kiti huiona dunia kutoka kitini, hata kama aliinuliwa kutoka sakafu ya kiwanda. Mwanasiasa akikusimulia alivyolala njaa, mpe pole. Kisha muulize: leo umemfungia nani mlango?