Kabla ya kukopi Serum ya kraki, fungua Vital kwanza

Uliza kijana yeyote anayepika biti pale Langas au Kapsoya angependa sintesaiza gani kwenye laptopu yake, na jina la Serum halitakawia kutajwa. Sishangai. Tangu itoke mwaka wa 2014 imeingia kwenye ngoma nyingi mno, na mafunzo yake yamejaa YouTube. Shida ni bei. Serum 2, iliyotoka Machi 2025, bei yake ya kawaida ni dola 249, yaani zaidi ya Sh30,000. Hapo ndipo flashi inaanza kuzunguka. Msee ana kopi ya kraki, anakupa bure, ila anakuambia uzime antivairasi kwanza ndipo ikubali kuingia.

Hebu fikiria hilo kidogo. Mgeni anayetaka umfukuze bawabu kabla hajaingia ana nia gani? Weka kando sheria ya hakimiliki, ambayo haiko upande wako hata kidogo. Laptopu hiyo hiyo ndiyo ina kazi za wateja. Faili zikifungwa na virusi usiku mmoja, utamwambia nini yule mwimbaji wa kwaya aliyelipa nusu ya pesa na anangoja wimbo wake Jumapili?

Na kraki yenyewe huihitaji. Mwaka wa 2020 Matt Tytel alitoa Vital, ambayo ina toleo la bure kabisa. Inafanya kazi kwa njia ile ile ya Serum: unachukua msururu wa mawimbi mafupi ya sauti, kisha unateleza kutoka wimbi moja hadi jingine noti ikiendelea kulia. Ndiyo maana sauti inaonekana kama inapumua. Wanaolipia Vital wanapata priseti na mawimbi zaidi, lakini mtambo ni ule ule. Ni kweli Serum 2 ina mambo ambayo Vital haina. Lakini kwa anayeanza, nitasema bila kupepesa: tofauti kati ya hizo mbili ni ndogo kuliko tofauti kati ya spika zako na spika nzuri.

Swali la maana zaidi ni laptopu yako. Wengi wetu tunatumia zile za eks-UK, RAM 4GB, feni inalia kama posho mill. Vital hula prosesa, hasa ukirundika sauti nyingi kwenye noti moja, na michoro yake inaelemea mashine kuukuu. Ikianza kukwama, geuza laini hiyo iwe faili ya odio, zima sintesaiza, songa mbele. Au jaribu Dexed. Ni ya bure, ni nyepesi, na inaiga Yamaha DX7 ya mwaka wa 1983, kinanda kilichojengwa juu ya ugunduzi wa John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford. Kama unafanya gospel, ile piano yenye mlio wa kengele unayoitafuta kila siku imo humo. Surge XT nayo ni ya bure, na msimbo wake uko wazi tangu 2018.

Sasa kuna jambo linaloniudhi kuliko bei. Tunapakua priseti zile zile kutoka pakiti zile zile, halafu tunashangaa mbona biti ya Eldoret haitofautiani na ya Atlanta. Hapa kwetu Bonde la Ufa kuna chepkong ya Wakipsigis, binamu wa nyatiti. Hugh Tracey alikuja kurekodi muziki wa Wakipsigis mwaka wa 1950, na wimbo wao Chemirocha umezunguka dunia. Wewe uko karibu kuliko yeye. Tafuta mzee anayepiga, mlipe chake, rekodi uzi mmoja ukilia hadi uzime, hata kwa simu, mradi pasiwe na kelele. Ivute faili hiyo hadi kwenye Vital, nayo itaikatakata iwe mawimbi unayoweza kuyapiga kwa kibodi.

Mara ya kwanza utasikia kitu kimepungua: ule mdonoo wa kidole kwenye uzi. Mawimbi hubeba rangi ya sauti, hayabebi mguso. Kwa hivyo weka rekodi yenyewe kwenye sehemu ya sampuli ndani ya Vital hiyo hiyo, ilie mwanzoni tu, halafu mawimbi yaendeleze. Cheza na filta polepole. Jioni moja yatosha.

Serum utainunua siku ambayo wateja wanalipa, au prodyusa mwenzako anakutumia mradi uliojaa sauti zake. Hata hapo si lazima utoe pesa zote mara moja: Splice wana mpango wa kulipa kila mwezi hadi iwe yako, aina fulani ya lipa pole pole, ila huu unaweza kuusimamisha mwezi ambao kodi ya nyumba imekubana.