Kiwanda cha Nyumba na Haki ya Njia



Tumeletewa suala na mama mmoja wa hapa Kimumu, mjane ambaye asili yake ni Amu, naye ameturuhusu tulijibu katika safu hii bila ya kumtaja jina. Marehemu mumewe amemwacha yeye, wana watatu na mabinti wawili, na ploti ya hamsini kwa mia: nyumba iko mbele, uwanja uko nyuma. Wazazi wa marehemu walitangulia mbele ya haki kabla yake. Sasa wana wataka uwanja huo ujazwe vyumba vya kupangisha, mstari kwa mstari mpaka ukutani. Mama hakatai kodi. Analolalamikia ni kwamba uwanja huo ndio kiwanda chake, na wanawe humjibu kuwa hapo hapana kitu, ni pahala patupu. Je, ana haki ya kuwazuia?

Tutajibu inshaallah, lakini jibu letu litapitia Amu kwanza, au Lamu kama iandikwavyo katika ramani, kwa sababu neno alilolitumia mama huyu ndilo lililobeba kesi nzima.

Msomaji wa bara akisikia kiwanda hufikiria mashine, moshi na mishahara. Kwa Waamu, kiwanda ni uwanja wa ndani ya nyumba, wazi juu, uliozungukwa na kuta. Aingiaye nyumba ya kale ya mawe hupita kwanza daka, kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe kushoto na kulia, ambapo mwenye nyumba huzungumza na mgeni asiye na haja ya kuingia. Akivuka mlango hujikuta katika tekani, ukumbi mdogo wa kupitia, na hapo njia hupinda. Kupinda huko ndiko kwenye hekima: mlango waweza kuwa wazi kutwa nzima, na mpita njia asione ila ukuta. Baada ya pindo hilo ndipo mwangaza unapotokea, na mtu akawa yuko kiwandani. Vyumba hufuatana nyuma ya kiwanda, msana kisha ndani, kila kimoja kikiwa na sitara zaidi kuliko kilichotangulia, na kuta zikipambwa kwa zidaka.

Vyumba vyenyewe ni virefu na vyembamba. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti ikiwa ndefu kupita kiasi haihimili uzito wa mawe na chokaa. Basi upana wa chumba ukawa hauzidi urefu wa boriti, kiasi cha mita mbili na nusu hadi tatu. Upande wa njia hapana madirisha ya kutazamia, ila vitundu vya juu vya hewa. Kwa hivyo pumzi ya nyumba, mwangaza wake na sauti ya adhana vyote huteremka kwa tundu moja kubwa, nalo ni kiwanda. Mwanamke aliweza kuchambua mchele, kumsuka bintiye, kuanika nguo na kumsomesha mtoto juzuu yake, akiwa chini ya mbingu na kichwa wazi, kwa kuwa hapakuwa na jicho la ajnabi lililofika hapo.

Ujenzi huu si wa jana. Gede, karibu na Malindi, ambako James Kirkman alianza kuchimbua magofu mwaka 1948, nyumba zilizohamwa karne nyingi zilizopita zina viwanda vyake, vimeshushwa kidogo chini ya usawa wa ardhi. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya Unesco mwaka 2001, na Gede ikafuata mwaka 2024. Nyumba ya Kiswahili ya Majengo, Mombasa, na ya Pumwani, Nairobi, yenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili na uwani nyuma, iliihifadhi maana ile ile kwa udongo na mabati. Mtu hahitaji utajiri wa mawe ili awe na uwani.

Wala tusiipambe kale kwa rangi isiyokuwa yake. Sitara ya nyumba zile haikugawiwa sawa. Waungwana walikaa juu na ndani. Watumwa walilala chini, nao ndio waliotumwa sokoni na visimani ili bibi asionekane. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani yetu mwaka 1907, na kuna mabibi wengi leo ambao nyanya zao walikiona kiwanda kwa ufagio mkononi. Tunaposema kiwanda ni haki ya mwanamke, twakusudia kila mwanamke, pamoja na mtumishi wa nyumbani ambaye hata sasa hupewa kijichumba kisichofunguka popote.

Tutoke nje kidogo, tushike njia. Vichochoro vya Amu ni vyembamba, na mgeni hudhani vilijipitia tu ovyo baina ya kuta. La. Vinapita punda na shehena yake, jua haliviunguzi, na vingi huteremka kuelekea baharini vikichukua maji ya mvua. Pahala pengine utaona chumba kimejengwa juu ya njia, kikiunganisha nyumba mbili, aghlabu za jamaa mmoja. Waamu hukiita wikio. Mwanamke akamtembelea shangazi yake upande wa pili bila ya kushuka njiani, na chini yake watu wakapita katika kivuli.

Hapa ndipo sisi tuliosoma vyuoni hutabasamu, kwa sababu tulikutana na wikio katika kitabu kabla ya kuliona kwa macho. Imamu Nawawi, katika Minhaji ambayo wanafunzi wa madhehebu ya Shafi wa pwani yote wameisoma, analizungumzia jengo la namna hiyo juu ya njia, kwa jina lake la Kiarabu, sabati. Sharti lake ni kwamba lisiwadhuru wapitao: liwe juu kiasi cha mtu kupita chini yake akiwa amesimama wima, na ikiwa njia ni ya misafara, ngamia apite na mzigo wake. Katika mlango huo huo amekataza kujenga dakka katika njia ya watu wote au kupanda mti ndani yake. Msomaji atalitambua neno hilo, maana lashabihiana na daka letu. Na madaka ya Amu mengi yamejengwa ndani ya umbo la nyumba, chini ya ghorofa yake, hayakuila njia. Kichochoro kisichotokea upande wa pili, fakihi anasema ni mali ya wenye milango ndani yake, na hapana mmoja wao awezaye kutokeza ukuta humo ila kwa ridhaa ya wenziwe.

Imepokewa pia kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kwamba watu wakizozania njia, iwekwe upana wa dhiraa 7, ambazo ni mita tatu na ushei kwa vipimo vya leo. Basi fundi wa kale alipopima njia alikuwa na Sharia mfukoni, hata kama hakuweza kuisoma kwa Kiarabu.

Sasa turudi Kimumu. Eldoret, ambayo wazee bado huiita Sisibo kwa ajili ya lile shamba nambari 64, ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2024, na Kimumu, hapa kwenye barabara ya kwenda Iten, ni miongoni mwa pahala ambapo jiji hilo linavimba. Shamba hukatwa vipande vya hamsini kwa mia, na kila mwenye kipande hujenga mpaka mwisho. Familia za pwani zilizohamia huku kwa kazi, biashara au masomo ya watoto hujikuta katika vyumba ambavyo mlango hufunguka kwenye ukumbi wa watu wote, na kamba ya nguo iko mbele ya macho ya wapangaji kumi. Tumewasikia akina mama wakisema tangu kuhamia hawajaota jua bila ya kuvaa buibui. Hilo si jambo dogo. Mwanamke aliyejifungua, mgonjwa, bibi kizee mwenye maumivu ya viungo katika baridi hii, wote wahitaji jua, na jua lao limepangishwa.

Ndipo tukaja kwenye jibu. Baada ya kulipwa madeni na kutekelezwa wasia, mke mwenye watoto hurithi thumni, na kinachobaki ni cha watoto, mwana kwa fungu la mabinti wawili. Tukiigawa mali hii kwa mafungu 64, mama ana 8, kila mwana 14 na kila binti 7. Mafungu hayo yameenea katika kila shubiri ya ploti, nyumba na uwanja pamoja, maadamu haijagawanywa. Na mali ya shirika isiyogawanywa, mshirika mmoja hajengi juu yake ila kwa idhini ya wenziwe. Kwa hiyo wana wale, hata wakiwa watatu na wakiwa na mafungu 42, hawana ruhusa ya kuchimba msingi uwanjani bila ya ridhaa ya mama yao na ya dada zao. Tumewataja dada kwa makusudi, kwa sababu katika barua hatukuona kuwa kuna mtu aliyewauliza. Mama na mabinti kwa pamoja wana mafungu 22, zaidi ya thuluthi.

Wana wakisema, basi na tugawane, wana haki ya kuomba hilo. Lakini hapo pia fikihi ina neno. Kitu ambacho kikigawanywa hupotea manufaa yaliyokusudiwa kwacho, wanavyuoni wakitoa mfano wa hamamu ndogo na kinu kidogo cha kusagia, hakigawanywi kwa nguvu kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Nyumba bila ya uwani wake yaweza kuingia katika mfano huo au isiingie. Hilo lategemea ardhi yenyewe, na mwenye kuliamua ni Kadhi baada ya kuiona, si sisi kutoka katika karatasi hii. Mahakama ya Kadhi iko Eldoret, na sheria ya urithi ya Kenya imewaachia Waislamu mirathi yao. Mama asiogope kwenda. Kuuliza haki mbele ya Kadhi si kuwashitaki watoto.

Ila twapendelea wasifike huko. Amu kwenyewe nyumba nyingi ziliharibika kwa ugawaji: warithi wakatia ukuta katikati ya kiwanda, huyu akachukua msana na yule choo, pande zote mbili zikakosa hewa, na hatimaye nyumba ikauzwa, nyengine kwa mgeni kutoka Ulaya ambaye jambo lake la kwanza lilikuwa kuubomoa ukuta ule na kukirudisha kiwanda. Alichokiona bure warithi, mgeni alikilipia.

Ushauri wetu kwa wana ni huu. Jengeni upande mmoja tu wa uwanja, kwenda juu badala ya kwenda nyuma, na kodi mgawane kwa mafungu tuliyoyataja. Wapangaji wawe na mlango wao wa nje, wasipite kwa mama. Geti la nyumba lisikabili kiwanda moja kwa moja. Wekeni ukuta mfupi mbele yake ili aingiaye apinde, iwe ndiyo tekani yenu, hata kwa matofali machache. Na msiige Amu kwa kila kitu. Kule kiwanda ni chembamba kwa kuwa watu hukimbia jua. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na hapa jua lapaswa kualikwa. Kiacheni kipana, jengo refu lisiwe upande wa mashariki likaziba jua la asubuhi, na maji ya mabati yaingizwe tangini, yasimwagiwe jirani.

Kuhusu njia, mama ametaja pia kichochoro baina ya ploti yao na ya jirani, ambacho watoto wa madrasa hukipita kufikia barabara ya lami, na ambacho kila upande umekuwa ukisogeza ua wake kidogo kidogo. Mvua za masika zikianza watoto hupita wakishika mabati kwa mikono, na matope yako hadi vifundoni. Kama ramani ya ploti inaonyesha njia hapo, basi ni haki ya wapitao, na ua urudishwe mahali pake, wa kwao ukiwa wa mwanzo kurudi kabla ya kumwambia jirani. Mawe machache na mfereji upande mmoja vitatosha kwa mwaka huu.

Limebaki dirisha. Vyumba vya juu vya kupangisha vitakitazama kiwanda, na mama amehofia hilo kuliko yote. Katika madhehebu yetu mwenye ukuta ana ruhusa ya kufungua dirisha katika ukuta wake, ijapokuwa kuchungulia nyumba ya mtu ni haramu. Wamaliki wamekuwa wakali zaidi, nao huamuru lizibwe likiwaangalia wanawake wa jirani. Hapa lakini mwenye ukuta na mwenye kiwanda ni watu wa nyumba moja, na mama ana fungu katika ukuta wenyewe. Basi kabla ya fundi kuanza, aitwe mama asimame uwanjani, na madirisha ya upande huo yapandishwe juu ya kimo cha mtu, mfano wa vile vitundu vya Amu, hewa ipite na jicho lisishuke.

Wabillahi tawfiq.