Kahawa ya Minova na mawe yetu



Wengi wanatuuliza mpaka leo: sendika ya watu wa mine ilienda kutafuta nini mu mashamba ya kahawa? Ilikuwa mwaka 2019. Tulitoka Kindu na ndege mpaka Goma, kisha tukashika barabara ya Sake mpaka Minova, pembeni ya ziwa Kivu. Njiani kuko mawe meusi ya volkano. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya Goma mpaka ukaingia mu ziwa. Watu walirudi, wakajenga na yale mawe yenyewe.

Kule Minova wazee walituelezea maisha ya zamani. Kila mutu alikuwa anauza kahawa yake peke yake. Beyi ilikuwa mbaya, taksi nyingi. Basi usiku watu walipakia magunia mu mitumbwi, wakavuka kuuza Rwanda. Ziwa likichafuka, mtumbwi unazama. Wajane walibaki wengi. Mwaka 2003 Joachim Munganga alianzisha koperative ya SOPACDI, na kidogo kidogo wakulima wakaanza kuuza pamoja, mpaka kahawa yao ikafika Uingereza.

Tulitazama kazi yao. Kahawa nyekundu inatiwa mu maji. Ile nyepesi inaelea, inatolewa. Inamenywa, inaoshwa, inaanikwa juu ya meza, na mama wanaichagua kwa mikono. Lakini mbele ya yote kuko mizani. Mwenye kahawa anasimama hapo, kilo zinasemwa kwa sauti, zinaandikwa mu kitabu, na yeye anarudi nyumbani na karatasi yake. Pale tuliangaliana bila kusema neno. Nani kati yetu hajapeleka kilo kumi akaambiwa ni nane?

Na jambo lingine: mnunuzi wa mbali anajua kahawa ile ilitoka Kivu. Hata divai ni vile. Ku kisiwa cha Pico, mu Azores ya Ureno, kisiwa cha volkano, watu wanapanda mizabibu katikati ya kuta ndogo za mawe meusi. Mwaka 2004 UNESCO iliweka yale mashamba mu urithi wa dunia, na chupa yao inabeba jina la kisiwa. Kasiterite yetu inatoa bati ya kuunganisha nyaya za simu na redio, lakini nani anataja Kalima, Kailo ao Punia? Etiketi iko ya gunia, haiko ya mchimbaji.

Mutu atasema: koperative tuko nayo, sheria ya mine ya 2018 inalazimisha. Ni kweli. Lakini ziko ngapi ambazo ni mali ya PDG mumoja, na sisi tuko majina tu ku karatasi? Ulishaona kitabu cha hesabu? Nani alichagua prezida?

Hatusemi Minova ilikuwa paradiso. Walituambia kama kungojea malipo ni kugumu, na watoto wanafukuzwa masomo juu ya minerval. Wengine njaa iliwasukuma kuuza kwa mupita njia. Kwetu pia deni ndilo linatufunga: mutu anayekula chakula cha mnunuzi hawezi kubishana na mizani yake. Na tangu Januari 2025 vita ya M23 iliingia Minova na Goma. Wale waliotupokea tunawakumbuka kila siku.

Ndiyo sababu tunaomba mambo matatu ku kila shimo, bila kungojea mzungu wala waziri. Moja, mizani iwekwe hadharani, na kila mutu apate karatasi ya kilo zake. Mbili, mukutano wa wanachama wote kila mwaka, wake na waume, kitabu kikiwa wazi juu ya meza. Tatu, sanduku la pamoja la kukopeshana, ili deni lisiuze jiwe mbele halijatoka mu udongo.

Muti wa kahawa ukichumwa, mwaka kesho unazaa tena. Jiwe halizai mara mbili. Lile tulilopunjwa leo, watoto wetu hawatalipata tena mu shimo lile. Tuanze na mizani.