Akiba Haiozi: Habari ya Michezo ya Zamani Itolewayo Upya

Juma hili twataka kuzungumza nanyi habari ya jambo ambalo wazazi wengi wa Lubumbashi hulisikia midomoni mwa watoto wao bila kulifahamu. Kijana wa Katuba hukutana na mwenzake wa Kamalondo, nao husemezana kwa furaha kana kwamba wanangojea mgeni. Mchezo fulani wa video, waliouzoea tangu utoto, utatoka tena, na safari hii umesafishwa. Wahesabu miezi, waweka akiba ya dola. Baba yao asikiapo hayo hutikisa kichwa na kusema, "Kitu kilekile mlicho nacho nyumbani, mwataka kukinunua mara ya pili?" Swali hilo si la kipumbavu. Lastahili kujibiwa kwa utaratibu, nasi tutajaribu kulijibu.

Yafaa kwanza tufahamu maana ya jambo lenyewe. Mchezo wa zamani hurudishwa kwa namna tatu. Namna ya kwanza ni kutolewa tena vilevile ulivyo, ila umetengenezwa kidogo ili mashine mpya ziweze kuusoma. Namna ya pili ni kusafishwa: mwili wa mchezo wabaki uleule, lakini picha zake hukuzwa na sauti zake husafishwa. Televisheni za zamani zilionyesha picha yenye vitone 640 kwa 480, yaani vitone 307,200 kwa jumla. Televisheni nyingi za leo huonyesha vitone 1,920 kwa 1,080, ambavyo ni 2,073,600, karibu mara saba ya vile vya kwanza. Picha ya kale ikitandazwa juu ya kioo kikubwa namna hiyo huonekana imefifia kama nguo iliyofuliwa mara nyingi, na kwa hiyo yahitaji kusafishwa. Namna ya tatu ni kujengwa upya: mafundi waushika ule mchezo wa zamani kuwa kielelezo tu, kisha waanza tena tangu msingi.

Mfano mmoja utatusaidia. Mchezo uitwao Shadow of the Colossus ulitoka mwaka 2005 kwa ajili ya mashine ya PlayStation 2. Mwaka 2011 ulisafishwa kwa ajili ya PlayStation 3, na mwaka 2018 ukajengwa upya kwa ajili ya PlayStation 4. Mchezo mmoja, hadithi moja, umerudi mara mbili. Vilevile Final Fantasy VII, uliotoka mwaka 1997, umejengwa upya kwa sehemu. Ya kwanza ilitoka mwaka 2020, ya pili mwaka 2024, na hata mwaka 2025 ulipokwisha, wapenzi wake walikuwa bado wakiingojea ya tatu. Mtoto aliyeucheza akiwa na miaka kumi mwaka ule wa 1997, leo ni mtu mzima mwenye watoto wake.

Sasa tumjibu baba yule. Kwa nini mtu atamani kitu alicho nacho tayari? Twamwomba baba akumbuke nafsi yake. Yuko mzee gani wa Katanga ambaye, akisikia gitaa la Mwenda Jean Bosco likipiga "Masanga", hanyamazi kidogo? Mwenda alizaliwa Bunkeya mwaka 1930. Mwaka 1952 Mwingereza mmoja, Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kunasa sauti, alimsikia mjini Jadotville, ambao leo waitwa Likasi, akazinasa nyimbo zake. Mwenda alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya barabarani. Lakini nyimbo zilezile za mwaka 1952 zimesafishwa na kutolewa tena katika CD, na wako watu wa Ulaya na Marekani wajifunzao gitaa kwa kuzifuata kidole kwa kidole. Mzee anunuaye CD hiyo hanunui wimbo mpya. Ataka kuusikia ule alioupenda, bila ile mikwaruzo ya santuri iliyochakaa. Basi kijana naye ataka jambo lilo hilo. Tusimcheke kwa tamaa ambayo sisi wenyewe twaijua.

Hata hivyo, wasomaji, katika habari hii liko fundisho kubwa kuliko tamaa ya kijana, nalo ni hili: kitu hakiwezi kusafishwa ikiwa hakikuwekwa akiba. Mchezo wa video hutengenezwa kwa maandiko ya kompyuta, picha na sauti, vyote vikihifadhiwa na kampuni. Kampuni nyingi, mchezo ukiisha kuuzwa, hazikuona haja ya kuvitunza. Mchezo wa Kingdom Hearts ulitoka mwaka 2002. Wenyewe walipotaka kuutoa upya mwaka 2013, walikuta ya kuwa sehemu kubwa ya vile vya asili imepotea. Ikawabidi kuchimbua ndani ya mchezo uliokwisha kuuzwa madukani, na kutengeneza tena mengi yaliyokosekana. Hiyo ilikuwa kampuni tajiri, na kupotea kwenyewe ni kwa miaka kumi na mmoja tu. Mwaka 2023 shirika la Marekani lihifadhilo historia ya michezo hiyo, Video Game History Foundation, lilitoa taarifa ya utafiti wake: katika kila michezo 100 iliyotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010, michezo 87 haipatikani tena kwa kununuliwa. Kwa hiyo ile michache inayorudi ni kama mbegu chache zilizosalia ghalani baada ya panya kupita.

Tena si kila kirudicho hurudi vema. Wahenga walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Mwezi wa Novemba mwaka 2021 ilitolewa upya michezo mitatu ya Grand Theft Auto, ile ya mwaka 2001, 2002 na 2004. Wapenzi wake walikuwa wameingojea kwa hamu kubwa. Walipoifungua, walikuta nyuso za watu zimeharibika, maandishi ya mabango yamekosewa, na mvua nzito hata njia haionekani. Lililokuwa baya zaidi, matoleo ya zamani yalikuwa yameondolewa katika maduka ya intaneti kabla ya mapya kufika. Kampuni ya Rockstar iliomba radhi, na matoleo ya zamani yakarudishwa kwa watumiao kompyuta. Marekebisho makubwa yalifika Novemba mwaka 2024, yaani miaka mitatu baadaye. Aliyesubiri alipata kitu kizuri zaidi, na aliyenunua siku ya kwanza alilipa fedha nyingi kwa kitu kibovu. Hapa twawakumbusha wazazi pia ya kuwa michezo hiyo ya Grand Theft Auto imeandikiwa watu wazima. Katika Ulaya hupewa alama ya miaka 18, kwa sababu ya mauaji na ujambazi ulio ndani yake. Kusafishwa kwa picha hakukusafisha hadithi.

Mingine hungojewa wala haifiki. Mchezo wa Prince of Persia: The Sands of Time ni wa mwaka 2003. Mwezi wa Septemba mwaka 2020 ilitangazwa ya kuwa utajengwa upya na kutoka Januari mwaka 2021. Tarehe ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, na mwaka 2025 ulipokwisha mchezo ulikuwa haujatoka. Matangazo si ahadi ya rafiki. Ni maneno ya mfanyabiashara. Kijana na ayasikie kwa sikio hilo.

Sasa tuyatazame mambo haya kwa macho ya mtu wa Lubumbashi, maana hali yetu si sawa na ya mtu wa Paris au Tokyo. Huko, mara nyingi mashine ya zamani imekwisha kutupwa, na mtu asiye nayo tena huona vigumu kucheza mchezo wa utoto wake pasipo kuununua upya. Kwetu si hivyo. PlayStation 2 ilitoka mwaka 2000, zikauzwa zaidi ya milioni 150 duniani, na mwanzoni mwa mwaka 2013 utengenezaji wake ulikuwa umekwisha. Lakini mikononi mwa fundi hodari mashine ya namna hiyo huishi miaka mingi: hubadilishiwa lenzi, hufutwa vumbi, hurudi kazini. Kwa kijana aliye nayo, mchezo wa mwaka 2004 haukuondoka, basi utarudije?

Kisha toleo jipya lataka mambo mengi. Mchezo wa Oblivion wa mwaka 2006 ulitolewa upya mwezi wa Aprili mwaka 2025, bei yake dola 50. Tena huja kwa njia ya intaneti, nao wajaza zaidi ya gigabaiti 100. Diski ya DVD ya zamani ilibeba gigabaiti 4.7 tu. Mwenye kununua mega za simu kidogo kidogo na ajihesabie mwenyewe gharama hiyo. Ahesabu pia mashine mpya, na umeme ambao hukatika katikati ya kazi. Dola 50 si mwisho wa safari. Ni nauli ya mlangoni tu.

Liko na jambo jingine. Kitu kikaacho katika intaneti kina mlango ambao ufunguo wake uko kwa mwingine. Mwezi wa Machi mwaka 2024 kampuni ya Ubisoft ilizima seva za mchezo wa magari uitwao The Crew, uliotoka mwaka 2014. Tangu siku hiyo hata waliokuwa na diski yake mkononi hawakuweza kuucheza. Watu wa Ulaya walikasirika, na mwaka 2025 zaidi ya milioni moja wakatia sahihi zao, wakiomba sheria ya kuwalinda wanunuzi. Hapo twaona thamani ya ile diski ya zamani isiyohitaji ruhusa ya mtu. Usiitupe kwa sababu umesikia mpya yaja.

Mtu asidhani ya kuwa haya ni mambo ya wageni, sisi hatuna sehemu. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, hasa katika ardhi ya Lualaba na ya Haut-Katanga, na betri nyingi za mashine zichukulikazo mkononi zina kobalti ndani yake. Kwa hiyo twayo haki ya kusema juu ya mambo haya, wala si kuyatazama kwa mbali.

Lakini haki hiyo yatuletea swali la mwisho, ambalo kwetu ndilo zito kuliko yote. Wageni wasafisha michezo ya watoto wao. Je, sisi tunaweka nini akiba, ili siku moja kisafishwe? Mwaka 1965 mtu wa mji huu, jina lake André Yav, aliandika kwa Kiswahili cha hapa historia ya Elisabethville, kwa ajili ya chama cha watu waliokuwa wamewatumikia wazungu majumbani. Makaratasi hayo yangalipotea kabisa. Lakini mtaalamu mmoja, Johannes Fabian, aliyapata na kuyatunza, na mwaka 1990 yakatolewa upya katika kitabu, pamoja na tafsiri na maelezo. Leo wanafunzi wa nchi za mbali huyasoma. Je, makaratasi mangapi ya namna ile yalifungiwa karanga sokoni? Kaseti ngapi zenye sauti ya nyanya zetu zimefutwa ili kunasia muziki wa redio? Hakuna kampuni ya Tokyo itakayotuuzia hizo upya.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Ninyi vijana, ngojeni kwa furaha, maana kungoja hakugharimu kitu. Lakini siku mchezo utakapotoka, msinunue siku hiyohiyo. Acheni mwezi mmoja upite, mwulize aliyeucheza, kisha mhesabu na mashine na mega, si bei tu. Diski na mashine za zamani mzitunze mbali na vumbi na unyevu.

Ninyi wazazi, msilipuuze jambo hili kwa kutikisa kichwa tu. Kaeni karibu na mtoto jioni moja, mwulizeni mchezo wasimulia nini, na kwa nini aupenda hata kuutaka mara mbili. Alama ya umri mtaiona kifuani mwa kasha. Mtoto aelezaye kwa utaratibu kwa nini toleo hili ni bora kuliko lile, amekwisha kujifunza kupima vitu, na akili hiyo itamfaa darasani.

Na kijana ajuaye kusafisha picha na sauti kwa kompyuta, apewe kazi nyumbani. Azichukue kaseti za babu na picha zilizoanza kuliwa na mchwa, azinakili mahali pawili, aandike majina na miaka wakati wazee wangali hai wa kuulizwa. Kazi hiyo aianze juma hili, kwa maana mchezo uliocheleweshwa waweza kutoka mwakani, lakini babu akiisha kuondoka hakuna wa kutuambia yule aliyesimama nyuma yake katika picha ni nani.